Uyoga napanda, majani naokota: tuelewane kabla mtu hajala asichokijua

Jembe Butu

Wakuu habari za muda huu. Mi ni mpishi wa nyumbani tu, sina cheti cha kilimo wala cha nini, ila kila nikiweka picha ya nilichopika naulizwa "mkuu huo uyoga umeuokota wapi" mpaka nimechoka kujibu mmoja mmoja, acha nianzishe uzi tumalizane. Uyoga sijauokota. Uyoga napanda mwenyewe, upo kwenye ndoo nyuma ya mlango wa bafu. Ninachookota mi ni majani, mchicha pori, mnavu, kishona nguo, na yale majani mazito mazito yanayotambaa chini yenye shina jekundu ambayo watu wanayang'oa wakidhani magugu (kitaalamu Portulaca oleracea).

Hesabu yangu iko hivi. Jani baya linajitangaza, ukiliweka ulimini ni chungu au linawasha, unatema yanaisha. Uyoga mbaya haujitangazi. Ule unaoongoza kwa kuua duniani, Amanita phalloides, walioula wakapona wanasema ulikuwa mtamu kabisa, nusu kofia inatosha kumwondoa mtu mzima, na unaweza kukaa kimya tumboni masaa 6 mpaka 24 kabla hujaanza kuugua. Yani umekula jioni, umeosha vyombo, umelala vizuri, asubuhi umepiga mswaki ndo mambo yanaanza. Mi kitu kinachonipa ruhusa ya kukosea mara moja tu maishani sina haja nacho, na hasa ikiwa naweza kuotesha wa kwangu.

Sasa ndoo. Ninaopanda ni mamama, wengine wanauita oista, jamii ya Pleurotus. Huu ndo wa kuanza nao kwa sababu hauna madeko, unakula kitu chochote kilichokuwa mti au jani, mabua, maranda, maboksi, mashapo ya kahawa. Nachukua mabua makavu nayakatakata urefu wa kidole, naloweka kwenye maji ya moto ya nyuzi 70 mpaka 80 kwa saa moja na nusu, nachuja, naacha yapoe KABISA, halafu natandaza tabaka la mabua na mbegu, mabua na mbegu, mpaka ndoo ijae. Mbegu za uyoga sio mbegu kama za mahindi, ni punje za nafaka zilizochemshwa zikavaliwa na utando mweupe. Kwa kilo 8 za mabua yaliyolowa natia gramu 600 hivi. Ndoo inakuwa imetobolewa matundu pembeni, ya upana wa penseli, mbalimbali kama sentimita 12. Funika, weka mahali penye kivuli, usahau wiki mbili tatu.

Hilo neno KABISA nimeliandika kwa herufi kubwa kwa sababu ndoo yangu ya pili niliiua mwenyewe, nilikuwa na haraka ya kwenda mahali nikamwaga mbegu mabua yakiwa bado yanatoa mvuke. Utando ukipata nyuzi arobaini na kitu unakufa. Nilikaa nayo mwezi mzima nafungua naangalia kama mtu anayesubiri meseji. Ya kwanza ndo usiseme, sikuchemsha chochote, niliona nyasi ni nyasi tu. Ikaota nyasi kweli, ngano iliyobaki kwenye mabua ilichipua humo ndani.

Karibuni maswali, na waokotaji wa uyoga karibuni pia mnipinge.

---

Sindano

Nimevuta kigoda. Ila nyuma ya mlango wa bafu mkuu?? Chakula?

---

Jembe Butu

@Sindano ndo sehemu pekee ya nyumba yenye unyevu na hewa inapita. Mamama inapenda unyevu wa asilimia 80 mpaka 95 wakati wa kutoa. Watu wakioga uyoga nao unaoga. Choo kiko chumba kingine usiwe na wasiwasi.

---

Mama Wawili

Asante kwa uzi mkuu. Mimi nilikuzwa na bibi anayeokota, na alikuwa na kipimo chake, anachemsha uyoga na kitunguu saumu au kijiko cha fedha, kikigeuka rangi unamwagwa, kisipogeuka tunakula. Na mwingine aliangalia kama umeliwa na wadudu, akisema mdudu hawezi kula sumu. Hatukufa. Hivi vipimo vina ukweli wowote au tulikuwa na bahati?

---

Kimya Kingi

@Mama Wawili mlikuwa na bahati, na zaidi ya bahati bibi alikuwa anaujua uyoga wenyewe kwa macho, kijiko kilikuwa mapambo. Naomba nilieleze hili taratibu maana ndilo linaloua watu.

Hakuna kipimo cha jikoni kinachotambua sumu ya uyoga. Fedha inageuka rangi ikikutana na salfa, na sumu hii haina habari na fedha. Kitunguu vilevile. Konokono na wadudu wanakula Amanita phalloides wanashiba wanaondoka salama, miili yao si kama yetu. Kumenya ngozi ya juu haisaidii, kuchemsha na kumwaga maji haisaidii, kukausha wala kugandisha haisaidii, sumu ile inavumilia moto wa jikoni bila shida.

Kinachotokea ndani ni hiki. Sumu inakwenda kwenye ini na kuzuia seli zisisome maelekezo yake ya kutengeneza protini, seli inabaki kama kiwanda kilichofungiwa umeme, inaendesha na akiba iliyokuwepo ikiisha inakufa. Ndiyo maana inachelewa. Kwanza mtu anatapika na kuharisha vibaya kama siku moja, halafu ANAPATA NAFUU. Hapo ndipo watu wanadanganyika, anasema nimepona, anarudi nyumbani, kumbe ini linaendelea kuchakaa, siku ya tatu au ya nne macho yanakuwa ya njano.

Kwahiyo mtu akila uyoga asioujua msisubiri dalili na msifurahie nafuu. Hospitali moja kwa moja, na mwende na mabaki, hata yale maganda kwenye pipa la taka, hata kilichobaki kwenye sufuria, na mkumbuke saa aliyokula. Saa ni muhimu sana. Uyoga unaokutapisha ndani ya saa moja au mbili mara nyingi ni wa kutesa tu, unaochelewa zaidi ya masaa 6 ndio wa kuogopa. Lakini msitumie hiyo kujituliza, maana mtu akichanganya aina mbili kwenye sufuria moja wa kwanza anaweza kumficha wa pili.

---

Sindano

Hiyo ya kupata nafuu kwanza imenitoa jasho.

---

mtu_wa_kilima

Naona mnatutisha waokotaji sasa. Nimeokota miaka zaidi ya ishirini na niko hapa nachapa. Tatizo sio kuokota, tatizo ni mtu anayetaka kujua aina zote. Mi najua aina tatu. TATU. Nilifundishwa na mama yangu mzazi, nikiwa mtoto nilikuwa natembea nyuma yake, naona kitu namwita "huu je", anajibu huo sio wetu, hakusema una sumu wala hauna, alisema sio wetu na tunapita. Mpaka leo kuna nyoga nzuri za kuvutia sijui jina lake wala sitaki kujua, sio zangu.

Halafu @Jembe Butu kwa ndoo yako umejinyima wa kwenye kichuguu, ambao kwa utamu hakuna mamama wala nani. Huo huwezi kuupanda bafuni.

Na nimwage siri moja ya fundi. Watu wengi wanakata uyoga kwa kisu juu juu au wanauchuma kwa shingo. Ushahidi unabaki ardhini! Ule muuaji chini kabisa, ndani ya udongo, umekaa kwenye kitu kama kikombe au ganda la yai lililopasuka, ukikata juu hutakiona kamwe. Wa kichuguu mguu wake unaendelea kwenda chini kama mzizi mpaka kwenye nyumba ya mchwa. Unachimba kwa kijiti pembeni polepole, unautoa mzima, unautazama kuanzia kisigino. Uyoga ambao sijaona kisigino chake hauingii kwenye kapu langu.

---

Jembe Butu

@mtu_wa_kilima hiyo ya kisigino nimeipenda, na kwa wa kichuguu umenipata. Huo unapandwa na mchwa wenyewe, ndo wakulima wake, wanatafuna majani na miti wanajenga bustani ndani na uyoga unaota kwenye bustani ile. Sisi tukiweka kwenye ndoo tunakosa vibarua. Ila bado msimamo wangu uko palepale, we ulikuwa na mama wa kukwambia "sio wetu". Anayesoma hapa usiku na picha kwenye simu hana mama huyo. Na picha haina kisigino.

---

mtu_wa_kilima

Hapo sina la kubisha. Picha na zile programu za kutambua mimea kwa kamera msizitumie kuamua nini kinaingia mdomoni.

---

Nyuki Mkali

Wakuu samahani natoka nje kidogo, mi nilijaribu kwenye mifuko ya nailoni, mitano, minne ikawa ya kijani, sio kijani cha jani, kijani cha rangi ya ukutani, kama vumbi. Mmoja ukawa mweupe vizuri lakini nao haujatoa kitu mwezi wa pili huu. Nilichemsha kweli na mbegu zilikuwa freshi. Nakosea wapi, maana nimeshaanza kuamini mkono wangu ni mbaya.

---

Jembe Butu

Mkono wako hauna shida @Nyuki Mkali. Hilo vumbi la kijani ni ukungu unaitwa Trichoderma, ndo adui namba moja wa kila mkulima wa uyoga. Unaanza mweupe kwahiyo unamdanganya mtu, siku mbili tatu baadaye unavaa kijani. Ukiuona usifungue mfuko ndani ya nyumba, utatawanya mbegu zake kila mahali, toa nje kabisa ukafukie.

Sababu kubwa mara nyingi ni maji mengi. Fanya hivi, ukishachuja chukua ngumi moja ya mabua ukamue kwa nguvu zako zote. Yakidondosha tone moja au mawili kati ya vidole, hapo ndipo. Yakitiririka kama nguo, bado, yaanike juu ya wavu masaa mengine. Yakikataa hata tone, umepitiliza. Mi sasa hivi nafanya hiyo hata gizani. Maji yakituama chini ya mfuko hewa haiingii, panaanza kunuka uchachu, na mamama haiwezi vita mahali pasipo na hewa. Tumia pua pia, mfuko mzima unanuka vizuri kama udongo mvua ikianza, ukinuka kama maziwa yaliyoganda ujue kuna mwenyeji mwingine humo.

Swali la pili, ulichemsha muda gani na kwa moto gani?

---

Nyuki Mkali

Nilitokotesha masaa matatu mkuu, nikasema bora yazidi. Halafu nikaanika nje juu ya turubai yapoe.

---

Jembe Butu

Ndo hapo. Ukitokotesha masaa matatu umeua wabaya na umeua wazuri. Ile nyuzi 70 mpaka 80 ina maana yake, inaondoa ukungu mwingi lakini kuna bakteria wanaovumilia joto wanabaki, na hao wanashikilia nafasi mpaka mbegu yako ifike. Wewe uliandaa shamba tupu lisilo na mlinzi, ukaenda kulianika nje upepo ukaja na kila kitu. Kuchemsha kabisa kunafaa kwa wenye maabara na sufuria za presha na chumba kisicho na upepo. Kama huna kipimajoto angalia vile vipovu vidogo vinavyoshikamana na sufuria chini, maji yanatoa mvuke lakini hayajaruka, shikilia hapo.

Wengine hawatumii moto kabisa, wanaloweka kwenye maji baridi ya chokaa iliyozimwa usiku mzima, masaa 16 mpaka 18. Maji yanakuwa makali mno ukungu unashindwa. Vaa glavu na ulinde macho, chokaa inaunguza.

Na ule mmoja mweupe uliogoma, umeupeleka kwenye mwanga na hewa? Utando ukikaa gizani ndani ya nailoni iliyofungwa unaridhika, hauna sababu ya kuzaa. Kata msalaba kwenye nailoni, sentimita 5, uweke mahali penye mwanga wa kusomea gazeti ila sio jua la moja kwa moja, nyunyizia hewani asubuhi na jioni.

---

fundi_baiskeli

mi wangu ulitoa lakini vituko, miguu mirefu kama mirija na vikofia vidogo juu, nikadhani nimeuziwa mbegu mbaya nikataka kwenda kugombana. niliuweka ndani ya boksi lenye mfuniko chini ya kitanda

---

Kimya Kingi

@fundi_baiskeli usigombane na mtu. Uyoga unapumua kama sisi, unavuta oksijeni na kutoa hewa ya ukaa. Ndani ya boksi lililofungwa hewa ya ukaa inajaa, uyoga unadhani bado uko ndani ya gogo, unarefusha shingo kutafuta mlango. Toa mfuniko.

Na tafadhali usilale nao chumba kimoja. Mamama ukikomaa unamwaga vumbi jeupe, spora, mamilioni kwa mamilioni. Watu wanaofanya kazi kwenye mashamba ya uyoga wanapata ugonjwa wa mapafu kwa kuvuta vumbi hilo miaka mingi, na wengine mzio tu unatosha kukohoa usiku kucha.

---

Jembe Butu

Nathibitisha, mara ya kwanza niliacha uyoga upanuke nikisema ukue zaidi, nikakuta ndoo na sakafu na taulo la mwenzangu vimevaa unga mweupe. Alikohoa siku mbili na nusura anifukuze na ndoo yangu. Sasa nachuma mapema, ukingo wa kofia ukiwa bado umejikunja kwa chini kidogo. Ukianza kunyooka au kupinda juu kama mwavuli uliopigwa na upepo umechelewa.

Na kuchuma kwenyewe unashika shada zima kwa msingi unazungusha, linatoka lote. Usikate ukaacha visiki, vinaoza na kuwaita vinzi.

Kuna kitu picha haisemi. Siku inapoanza kutoa, unaona kwenye tundu vichwa vidogo vya bluu iliyoiva, vingi, kama vijiti vya kiberiti vimebanana. Asubuhi ni vya kiberiti. Kesho yake ni kama vifungo vya shati. Keshokutwa vimeongezeka mara mbili, na mara mbili tena, ukitoka kazini jioni unakuta shada linalojaza viganja viwili, na tangu vichwa vya kiberiti hata wiki haijaisha. Kuna siku nilijikuta nimekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa naitazama ndoo nyingine.

---

Sindano

Mkuu oa.

---

Jembe Butu

Nimeoa, taulo lilikuwa la nani?

---

Mama Wawili

Tumesahau majani. @Jembe Butu hayo mazito yanayotambaa nami napika, mbichi yana kauchachu kama limao. Ila kuna jirani yake anatambaa hivyohivyo na ana shina jekundu hivyohivyo, mwanangu aliniletea kikapu kizima mchanganyiko. Ukivunja shina la ule mwingine linatoa maziwa meupe. La kwetu likivunjwa linatoa maji tu. Tangu siku hiyo navunja kila tawi moja moja kabla ya kuosha.

---

Jembe Butu

Sahihi kabisa dada, huyo jirani ni jamii ya Euphorbia na hayo maziwa yanaunguza mdomo na macho. Jani la kula pia ni nene na nyororo, la jirani ni jembamba kama karatasi. Na mnavu, majani mnachemsha na maji ya kwanza mnamwaga, matunda ya kijani msiguse, yana sumu inaitwa solanini. Mchicha pori na wenyewe uchemshwe umwagwe maji hasa ukiwa umeota kwenye jaa la mbolea, unafyonza nitrati. Kingo za barabara kubwa sichumi, sehemu iliyopigwa dawa sichumi, na chini ya usawa wa mguu wa mbwa sichumi, hilo halihitaji maelezo.

---

Kimya Kingi

Nimekuwa nikivumilia tangu posti ya kwanza, sasa naomba nipinge. @Jembe Butu umesema jani baya linajitangaza ulimini. Hiyo ifute.

Conium maculatum, ule mmea uliotumika kumuua Socrates mwaka 399 KK, unafanana na majani ya karoti na mtu asiyejua anauchuma bila wasiwasi. Ndugu yake anayeota kwenye maji, Cicuta, mzizi wake walionusurika wanasema una utamu. Utamu! Na unaleta degedege ndani ya masaa machache. Mnanaha (Datura) nao ukiwa mche mdogo unaingia kwenye fungu la mboga za majani bila mtu kushtuka, ukipikwa sumu haitoki, watu wanaishia kuona vitu visivyokuwepo, mdomo umekauka na mboni za macho zimepanuka kama sahani.

Kwahiyo ile ya kuonja na kutema sio kipimo. Ni kijiko cha fedha cha upande wako.

---

mtu_wa_kilima

Hahahaaa kijiko cha fedha cha upande wako. Hiyo ifungwe fremu.

---

Jembe Butu

Nimepigwa na nimekubali. Nimerudi kufikiria, na ukweli ni kwamba mi mwenyewe sionji ili nijue, naonja kitu ambacho tayari nakijua, nimekichuma sehemu ileile miaka, nimekiona kikichipua, kikitoa ua, kikitoa mbegu. Kumbe natumia sheria ya mama wa @mtu_wa_kilima bila kujua. Majani yangu ni manne na yote hayafanani na karoti. Kitu chochote chenye majani ya kuchanika kama karoti na maua meupe kama mwavuli sigusi, na msiguse.

Posti ya kwanza nimeiacha kama ilivyo ili mabishano yaeleweke, ila anayesoma afike mpaka hapa.

---

fundi_baiskeli

sasa tufike kwenye kula. nimetoa mfuniko kama mlivyosema, kofia zimepanuka vizuri, nina kama nusu kilo. nikaanga kwa mafuta mengi ikawa kama sponji

---

Jembe Butu

Uyoga ni maji kwa asilimia 90 hivi, ukianza na mafuta unayanywesha sponji. Kikaango kikavu, moto mkubwa kiasi, uchane uyoga kwa mikono kufuata nyuzi zake usikate kwa kisu, tupa ndani bila mafuta wala chumvi. Utalia, utatoa maji, maji yatakauka, utaanza kunukia kama nyama inayokaribia kuungua. HAPO ndo mafuta kijiko kimoja na kitunguu, chumvi mwisho. Usiogope kupitiliza, nyama ukizidisha inakauka, uyoga ukuta wake umejengwa na kitu kilekile cha gamba la mdudu, hauyeyuki ovyo. Mbichi usile, hausagiki vizuri tumboni. Na kama ni mara yako ya kwanza maishani kula mamama anza na kidogo, kuna matumbo hayaelewani nao hata ukiwa safi.

Mguu mgumu wa chini usitupe, chemsha upate supu.

---

Mama Wawili

Na ukizidi kausha. Mimi naupanga juani zile kurasa za chini ya kofia zikitazama juu, nasikia jua linaongeza vitamini D?

---

Kimya Kingi

Ni kweli dada, si hadithi. Uyoga una kitu ambacho mwanga wa jua unakigeuza kuwa vitamini D2, na unaendelea hata baada ya kuchumwa. Hata usipotaka kuukausha, uchane uuweke jua la mchana kidogo kabla ya kupika.

---

kibuyu99

Wakuu nina mashapo ya kahawa mengi kazini yanatupwa, yanafaa? Na biashara je, inalipa?

---

Jembe Butu

Biashara fungua uzi wako, huu ni wa kula. Mashapo yanafaa na yana faida moja, yameshachemshwa na mashine. Ila uyatumie siku ileile, kesho yake ukungu umeshafika. Na usiyatumie peke yake, yanashikana kama matope hewa haipiti, changanya na mabua au maboksi yaliyochanwa, mashapo yasizidi nusu.

---

Nyuki Mkali

WAKUU. Ule mfuko uliogoma. Nilikata msalaba Jumapili. Leo kuna vichwa vya kiberiti!!! Nimemwita mama mkwe aje aone.

---

mtu_wa_kilima

Hongera. Sasa utakaa juu ya ndoo kama mwenzako.

---

Jembe Butu

Hongera sana, endelea kunyunyizia hewani, usimwagie vichwa vyenyewe vitageuka njano vife.

Mrejesho wangu wa mwisho kwenye ndoo hii. Mkupuo wa kwanza ulikuwa mkubwa, wa pili ulikuja siku kumi baadaye nusu yake, wa tatu vijipande. Mabua yamekuwa mepesi na laini kama keki ya juzi, nimeyamwaga nje kwenye kona ya mnavu yawe mbolea. Ndoo nimeosha, mabua mapya yanapoa hapa pembeni naandika nikiyasubiri, sirudii kosa.

Ila kuna jambo. Wiki iliyopita mvua ilinyesha, na kwenye lile rundo nililomwaga kumeota shada moja. La kijivu, zuri, kofia tano.

---

Sindano

Subiri kwanza. Huo sasa umeupanda au umeuokota?

---

mtu_wa_kilima

😂😂😂 jibu mkuu

---

Jembe Butu

Ndo kilichonikalisha siku mbili. Rundo langu, mbegu yangu, lakini liko nje na sikuona likianza, na chochote kingeweza kuwa kimetua pale. Nikachimba pembeni kwa kijiti nikatazama kisigino, hakuna kikombe, umeshikana na mabua. Kila kitu kinasema mamama. Nikaingia ndani nikachukua kikapu, nikatoka, nikasimama, nikarudi ndani.

---

Sindano

Halafu?

---

Jembe Butu

Leo asubuhi konokono walikuwa wameshaumaliza.

---

Kimya Kingi

Na hilo nalo sio kipimo.